Mafunzo mafupi wodini: namna ya kuwafundisha wauguzi wenzako unyonyeshaji na matunzo ya kichanga

Maswali huwa ni yale yale. "Nimeteuliwa kuratibu mafunzo endelevu wodi ya wazazi, nianzie wapi?" "Hatuna projekta." "Hakuna posho, watu hawatakuja." "Tuko wawili zamu nzima, nani atakaa darasani?" Mwongozo huu ni wako wewe muuguzi au mkunga wa kituo cha afya au hospitali ya wilaya uliyekabidhiwa kazi hiyo na hujawahi kuifanya. Nimeuandika kwa mazingira ya Tanzania, ila mwenzetu wa Kenya au Burundi naye ataona mengi yanamhusu.

Kabla ya yote, achana na wazo la semina. Fundisha kidogo, mara kwa mara, hapo hapo wodini, kwa mikono. Hospitali ya Haydom mkoani Manyara ilipima jambo hili. Baada ya mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua, yale tunayoyaita HBB (Helping Babies Breathe), wauguzi walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere, lakini walipoangaliwa leba, kwa watoto halisi, utendaji haukubadilika. Ndipo wakaanzisha mazoezi ya dakika chache kila wiki na ya dakika 40 kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Wauguzi walikuwa kwenye hospitali yao ile ile. Kilichobadilika ni mtindo wa kufundisha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kibali cha muuguzi kiongozi wa wodi, na mganga mfawidhi awe na taarifa. Kazi ikianza kimyakimya, siku ya kwanza yenye wagonjwa wengi inakufa.
- Mwanasesere. Kama kituo kina yule wa HBB anayejazwa maji au hewa, vizuri. Kama hakuna, taulo lililoviringishwa ndani ya kanga na kichwa kilichofungwa vizuri kinatosha kwa somo la kunyonyesha (kwa somo la ambu, yaani mfuko wa kumpulizia hewa mtoto asiyepumua, hakitoshi, azima mwanasesere wa leba).
- Titi la kitambaa. Chukua soksi ya rangi ya kahawia, jaza pamba au matambara sehemu ya kisigino mpaka iwe duara, funga nyuma. Katikati finya chuchu, ishone isirudi ndani, kisha zungushia uzi mweusi kuonyesha sehemu nyeusi ya titi.
- Ambu ya vichanga yenye barakoa za saizi mbili, kifaa cha kufyonza ute, taulo mbili kavu, kofia, na saa yenye mshale wa sekunde.
- Vikombe vidogo visivyo na kona kali, kipimajoto, mzani.
- Daftari moja la mafunzo lisilotoka wodini. Weka safu za tarehe, mada, muda, jina, namba ya usajili na sahihi.

Kuhusu daftari hilo: Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania linataka ushahidi wa kujiendeleza kitaaluma unapohuisha leseni. Uliza mapema kwa mratibu wa mafunzo wa hospitali au wilaya namna mafunzo ya kazini yanavyoidhinishwa na kuingizwa kwenye kumbukumbu za kila mtu. Usisubiri mwezi wa kuhuisha leseni ndipo uanze kutafuta sahihi za miezi iliyopita.

Hatua ya 1: Angalia kabla hujafundisha

Tenga wiki moja ya kutazama tu. Chagua akina mama kumi wa kwanza utakaowakuta baada ya kujifungua na ujibu maswali manne kwa kila mmoja: Je, mtoto aliwekwa ngozi kwa ngozi mara baada ya kuzaliwa, na alikaa muda gani? Je, alinyonya ndani ya saa 1? Je, kuna muuguzi aliyekaa na mama akamtazama ananyonyesha, mwanzo hadi mwisho? Je, mtoto alipewa kitu kingine chochote, hata maji ya glukosi?

Usitegemee daftari za MTUHA, zile za kumbukumbu za huduma za kituo, peke yake. Mara nyingi kisanduku cha "amenyonyeshwa ndani ya saa 1" kinajazwa mtoto akiwa bado kwenye meza ya joto na mama anashonwa. Muulize mama mwenyewe, na umuulize vizuri. Ukisema "Unanyonyesha vizuri mama?" atajibu "Ndiyo sista," hata kama chuchu zinatoka damu. Sema: "Mama, tangu asubuhi mtoto amenyonya mara ngapi? Mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi? Ukimweka, unasikia maumivu?"

Majibu hayo ndiyo yatakayokupa mada. Kama watoto tisa kati ya kumi walinyonya mapema lakini hakuna mama aliyetazamwa akinyonyesha, usipoteze wiki ukifundisha faida za maziwa ya mama. Wauguzi wote wanazijua.

Hatua ya 2: Panga ratiba fupi isiyoyumba

Dakika 15 kila wiki, mara tu baada ya ripoti ya asubuhi, siku ile ile. Zamu ya asubuhi inakuwepo, na wa usiku hawajaondoka. Rudia mada ile ile kwa siku nyingine mbili ili waliokuwa mapumziko wasikose. Mara moja kwa mwezi fanya zoezi refu la dakika 40.

Mada moja kwa kipindi, basi. Mpangilio unaofaa vituo vingi ni huu: kupakata na kumweka mtoto kwenye titi (wiki mbili), kukamua na kulisha kwa kikombe, dakika ya kwanza ya mtoto asiyepumua, joto na ngozi kwa ngozi, uzito na dalili za hatari, kisha mazungumzo na mama na ndugu zake. Zoezi la ambu lirudi kila mwezi hata kama mada nyingine zinasonga mbele, kwa sababu mkono unasahau haraka kuliko kichwa.

Mafunzo haya mafupi hayachukui nafasi ya kozi kamili ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF kuhusu unyonyeshaji, ile ya saa 20. Nafasi ikipatikana, peleka mtu. Kisha akirudi, mpe vipindi vya kufundisha.

Hatua ya 3: Fundisha mpakato na mweko, mikono ikiwa mgongoni

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu chuchu zenye vidonda, matiti yaliyojaa na kauli ya "maziwa hayatoshi" kwa kiasi kikubwa huanzia hapa.

a) Anza na mwanasesere na titi la kitambaa. Taja mambo manne ya kupakata: kichwa na mwili wa mtoto vimenyooka; mwili umeelekea titi, pua ikiwa mkabala na chuchu; mtoto yuko karibu kabisa na mama; mwili wote umeshikiliwa, si shingo na mabega tu.

b) Kisha mambo manne ya mweko, yaani namna mtoto anavyoshika titi: mdomo umefunguka sana, mdomo wa chini umepinduka kwenda nje, kidevu kinagusa titi, sehemu nyeusi ya titi inaonekana zaidi juu ya mdomo wa mtoto kuliko chini yake.

c) Waambie wajipange wawili wawili. Mmoja ni mama, mwingine ni muuguzi. Sharti ni moja: anayecheza muuguzi aweke mikono yake nyuma ya mgongo. Aeleze kwa maneno mpaka "mama" aweze mwenyewe. Utaona jinsi watu wanavyohangaika. Tumezoea kushika titi la mama kwa mkono mmoja, kichwa cha mtoto kwa mkono wa pili, tukaviunganisha na kuondoka. Mama anabaki hajajifunza chochote, na saa nane usiku mtoto akilia hawezi kurudia tulichofanya.

d) Sasa nendeni kitandani, watu wasiozidi watatu. Omba ruhusa: "Mama, hongera. Tunaomba tukae nawe wakati mtoto ananyonya, tujifunze sote. Ukiona hutaki, hakuna tatizo lolote." Funga pazia. Tazameni dakika tano bila kusema.

e) Mwombe mwenzako aseme alichoona, akianza na kilicho kizuri. Mfano: "Mama amekaa vizuri, mtoto yuko karibu. Mashavu yanaingia ndani anaponyonya, na ninasikia mlio wa ulimi." Hilo ndilo jicho unalolitafuta. Mashavu yaliyojaa, kunyonya polepole kwa nguvu na kutua, sauti ya kumeza, ni dalili kwamba maziwa yanafika. Mashavu yanayobonyea na mlio wa ulimi ni dalili kwamba mtoto ameshika chuchu tu.

f) Kama mweko si mzuri, mama aingize kidole kisafi pembeni mwa mdomo wa mtoto kuachanisha, kisha aanze upya: aguse mdomo wa mtoto kwa chuchu, asubiri ufunguke sana kama anapiga miayo, amsogeze mtoto haraka kwenye titi, mdomo wa chini ukilenga chini ya chuchu.

*Tahadhari:* Kamwe usimkandamize mtoto kisogo kuelekea titi. Atajikunja nyuma na kupiga kelele, mama ataamini mtoto "amekataa titi", na kabla ya jioni chupa imeshaingia wodini. Vivyo hivyo, mama asilibane titi kwa vidole viwili kama mkasi karibu na chuchu. Vidole vinazuia mtoto kushika sehemu ya kutosha.

Hatua ya 4: Kukamua na kulisha kwa kikombe

Kila muuguzi aonyeshe kwenye titi la kitambaa kabla hajamwelekeza mama. Mama anawe mikono, aketi vizuri, akande titi taratibu. Kidole gumba kiwe juu, vidole vingine chini, kwenye ukingo wa sehemu nyeusi. Abonyeze kuelekea kifuani, abane, aachie. Abonyeze, abane, aachie. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Azungushe mkono ili pande zote zitoke.

Siku ya kwanza yatatoka matone machache ya dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya njano. Mwandae mama kwa hilo, la sivyo ataona matone yale na kukata tamaa. Mwambie wazi kwamba ndicho kiasi kinachotarajiwa, na kwamba kinga aliyopewa mtoto imo humo.

Kwa kikombe: mtoto aketishwe wima akiwa macho, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike mdomoni na mtoto alambe mwenyewe. Usimimine. Kosa hili nimeliona hata kwa wauguzi wazoefu wakiwa na haraka, nalo linaweza kumpalia mtoto.

Hatua ya 5: Dakika ya kwanza

Weka mwanasesere, anza kuhesabu sekunde kwa sauti. Mtoto amezaliwa, halii. Muuguzi amkaushe vizuri, aondoe taulo lililolowa, amsugue mgongo, asafishe njia ya hewa kama kuna ute unaoziba. Bado hapumui? Kitovu kifungwe na kukatwa, apelekwe mezani, kichwa kiinuliwe kidogo nyuma, barakoa ifunike mdomo na pua bila kufunika macho. Ndani ya sekunde 60 pumzi ya kwanza ya ambu iwe imeingia. Endelea kwa pumzi 40 hivi kwa dakika, macho yakiwa kifuani.

Kifua kisipoinuka, hapo ndipo mazoezi yanapolipa. Mtu asiyezoea hukamua ambu kwa nguvu zaidi na zaidi. Mfundishe mfuatano: weka barakoa upya, rekebisha kichwa, angalia ute mdomoni na puani, fungua mdomo kidogo, ndipo ukamue kwa nguvu zaidi.

Mtoto anayelia vizuri hahitaji kufyonzwa ute. Anahitaji kukaushwa na kuwekwa kifuani kwa mama, na kitovu kisubiri dakika 1 hadi 3 kabla ya kukatwa.

Malizia kila zoezi kwa kuikagua ambu halisi ya leba: ipo, ni safi, imekauka, valvu zinafanya kazi, barakoa ya mtoto njiti haijapotea. Andika kwenye daftari.

Hatua ya 6: Joto, uzito na dalili za hatari

Joto la kwapani la kichanga liwe kati ya 36.5 na 37.5. Kuoga kusubiri saa 24. Sisitiza kofia na soksi, na kwa mtoto mwenye uzito pungufu sisitiza kangaruu, yaani kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, ulionyesha kuwa kuanza kangaruu mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atulie kwanza, kulipunguza vifo kwa asilimia 25 ikilinganishwa na kusubiri.

Uzito ufundishwe kwa hesabu halisi. Mtoto alizaliwa na gramu 3,200, siku ya tatu ana 2,900. Amepungua 300, yaani zaidi kidogo ya asilimia 9. Kupungua hadi asilimia 10 siku za mwanzo kunaweza kuwa kawaida, lakini huyu yuko ukingoni: mtazame akinyonya leo, mpime tena kesho. Angekuwa na 2,850 angevuka asilimia 10, na hapo unamwita daktari huku ukirekebisha unyonyaji. Wape wenzako mifano mitatu, wafanye kwa simu zao.

Dalili za hatari zitajwe bila kusoma ukutani: kushindwa kunyonya, degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea sana, joto kupanda au mwili kuwa wa baridi, kulegea bila kujitikisa, manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au manjano viganjani na nyayoni siku yoyote. Pumzi zihesabiwe dakika nzima. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne kunadanganya, kwa kuwa kichanga hapumui kwa mpangilio sawa.

Hatua ya 7: Zoezi la bibi na chupa ya chai

Mara nyingi anayeamua mtoto apewe nini nyumbani si mama. Andaa igizo: bibi anaingia muda wa kutazama wagonjwa na chupa ya chai yenye maji ya sukari, akisema mtoto analia kwa sababu maziwa hayajatoka. Muuguzi afanye nini?

Anayeanza na "Bibi, hayo maji hayaruhusiwi hapa" ameshapoteza. Mfundishe aanze hivi: "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." "Hongera kwa mjukuu. Naona umemjali, umekuja na kitu cha kumpa. Hebu kaa hapa tumtazame pamoja akinyonya." Kisha amwonyeshe koo la mtoto likimeza, amkamue mama tone moja la dang'a bibi alione kwa macho yake, ndipo aeleze kwamba tumbo likijaa maji mtoto hatanyonya, na asiponyonya maziwa hayaongezeki. Bibi akielewa, atakuwa mlinzi wako nyumbani kwa miezi yote 6.

Igizeni pia mama anayeogopa kubemenda mtoto (imani kwamba mtoto anayenyonya hudhoofika wazazi wakikutana kimwili), na mama anayeishi na VVU aliyeambiwa na jirani asinyonyeshe. Huyu wa pili muuguzi amjibu bila kusita: anayetumia dawa zake vizuri anyonyeshe maziwa yake pekee miezi 6, mtoto apewe dawa kinga kama ilivyopangwa, na asichanganye na vyakula vingine kabla ya muda huo.

Hatua ya 8: Pima kitandani, andika, rudia

Baada ya miezi mitatu, rudia maswali manne ya hatua ya 1 kwa akina mama kumi wengine. Bandika matokeo mawili, ya mwanzo na ya sasa, chumba cha wauguzi. Mtihani wa karatasi unapima kumbukumbu; wewe unataka kujua mama aliyelala kitanda namba saba amesaidiwa au hakusaidiwa.

Makosa yanayorudi kila mahali

Kumsahihisha muuguzi mbele ya mama ni kosa baya kuliko yote. Mama anapoteza imani na muuguzi huyo, na muuguzi mwenyewe hatakuja kipindi kijacho. Subiri mtoke nje ya pazia.

Kosa la pili ni kupokea msaada wa kampuni za maziwa ya kopo: kalenda, kalamu, vitafunwa vya kipindi. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 ya kudhibiti uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama inakataza, Tanzania ina kanuni zake, na Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012. Chai inunuliwe kwa mchango wenu au isiwepo.

La tatu ni kuwasahau wahudumu wa afya na wanafunzi wa uuguzi. Wao ndio wanaoulizwa na mama saa tisa usiku. Waingize.

Ukikwama

*Watu hawaji.* Angalia saa uliyopanga kabla ya kuwalaumu. Kama ripoti huchelewa kwisha, fanya kipindi ndani ya ripoti yenyewe. Kama tatizo ni posho, waonyeshe daftari na namna linavyowasaidia kwenye leseni, kisha anza na hao wawili waliokuja.

*Wodi imefurika.* Usiahirishe, fupisha. Dakika tatu za ambu mezani ni mafunzo. Kumtazama mama mmoja akinyonyesha na mwenzako mmoja ni mafunzo.

*Muuguzi mkongwe anapinga, anasema ameshazalisha maelfu.* Mpe kipindi aongoze yeye, hasa cha mazungumzo na bibi, anajua mengi huko. Mada yenye mwongozo mpya, kama kutofyonza ute kwa mtoto anayelia, mwonyeshe mwongozo wa wizara mkiwa wawili peke yenu kabla ya kipindi.

*Zoezini wanafanya vizuri, leba hawafanyi.* Chunguza mazingira. Mara nyingi meza ya mtoto iko mbali na kitanda cha mama, taulo hazipo, au ambu imefungiwa kabatini na ufunguo anao mtu wa zamu nyingine. Hapo mafunzo zaidi hayasaidii. Sogeza meza, toa ambu kabatini.

*Matokeo ya miezi mitatu hayajabadilika.* Rudi kwenye swali moja tu kati ya yale manne, lile lililo baya zaidi, na ulifanyie kazi peke yake kwa wiki nne. Kama ni ngozi kwa ngozi, simama leba zamu moja na utazame mtoto anaondolewa kifuani lini na kwa sababu gani. Mara nyingi ni kwa ajili ya kupimwa uzito, na uzito unaweza kusubiri saa hiyo 1 ipite.